Faneli ya Bati na Kitabu cha Sitini na Mbili

9 Machi
Chupa A: 3. Chupa B: 12.
Daftari hili alilinunua mume wangu mwezi wa Desemba. Alichora mistari kwa rula: safu ya tarehe, safu ya chupa A, safu ya chupa B, na pembeni safu nyembamba ya maelezo. Juu ya jalada akaandika, "Mvua ya mwaka huu." Januari akafariki, na mvua ilikuwa haijadondoka hata tone. Leo imenyesha, kwa hiyo najaza mimi. Safu ya maelezo ni nyembamba kama utepe wa pindo, nami si mtu wa maneno machache. Nitaivuka mistari yake. Atanisamehe.

10 Machi
A: 0. B: 0. Jua.

12 Machi
A: 5. B: 21.
Nieleze vizuri, maana yeye alikuwa akisema daftari lisiloeleweka kwa mgeni ni karatasi ya kuwashia moto.
Mume wangu aliandika vitabu vya sayansi vya watoto. Sitini na kimoja, kwa miaka thelathini na mitatu. Alianza akiwa mwalimu wa shule ya msingi isiyo na maabara, ambako darubini pekee ilikuwa ile aliyoichora ubaoni kwa chaki. Walimu wenzake walimcheka, wakaiita kazi yake "sayansi ya sufuria." Alilipenda jina hilo kuliko sifa zote alizokuja kupewa baadaye. Kanuni yake ilikuwa moja: jaribio lisilofanyika kwa vitu vya jikoni kwetu haliingii kitabuni. Watoto walimwita Bwana Kwanini. Mimi aliniita Mjaribu.
Mimi ni fundi cherehani, nashona sare za shule. Nilisoma mpaka darasa la saba, na kwake hicho ndicho kilikuwa kipimo bora. Akimaliza ukurasa wa jaribio ananikabidhi, naingia nao jikoni peke yangu, nafunga mlango, yeye anabaki nje. Yeye haruhusiwi kusema neno. Mimi siruhusiwi kuuliza. Nikiuliza hata swali moja, hata "maji ya moto au ya baridi?", ukurasa umekufa. Anauchana, anaanza upya. Nikifika mwisho bila swali, anasema pale pale nje, "Ukurasa umepita." Kisha anaingia kunisaidia kuosha vyombo.
Yai lililoelea kwenye maji ya chumvi, mshumaa uliozimika ndani ya gilasi, sindano iliyokaa juu ya maji bila kuzama: vyote nilivifanya mimi kabla ya mtoto yeyote.

14 Machi
A: 2. B: 8.
Chini ya meza yake kuna boksi. Ndimo nilimokuta daftari hili na hizi chupa mbili za plastiki, zimebandikwa vipande vya rula pembeni na kuandikwa A na B kwa mkono wake. A imekatwa kichwa, kichwa chenyewe kikageuzwa juu chini kikawa kifuniko, kwa hiyo mdomo wake una upana ule ule wa chupa. B imewekewa faneli yetu ya bati, ile pana ya kutilia mafuta ya taa. Zote nimeziweka uani, upande usio na paa wala mti.
Boksini mlikuwa pia na barua ya Novemba, kutoka darasa la sita la shule moja ya mbali. Naiandika hapa ilivyo:
"Mpendwa Bwana Kwanini, tulitengeneza kipima mvua cha kitabu chako cha kumi na tisa, chupa na faneli. Redio ilisema huku kwetu zimenyesha milimita 12. Chupa yetu ilisema 49. Tumerudia mara tano, chupa inazidi kila mara. Mwalimu wetu anasema kitabu hakiwezi kukosea, kwa hiyo redio ndiyo inayokosea. Sisi hatuna hakika. Tunaomba jibu."
Hakuwajibu. Alisema barua kama hii haijibiwi kwa mdomo, inajibiwa kwa kipimo, na kipimo kinangoja mvua.
Na cha mwisho boksini, ukurasa mmoja. Kichwa chake: "Nilikosea." Chini yake ameandika: "Katika kitabu changu cha kumi na tisa niliwaambia muweke faneli pana juu ya chupa nyembamba. Nilikosea. Kwa miaka kumi na minane mmekuwa mkipima mvua ambayo haikunyesha. Sasa nitawaonyesha ukubwa wa kosa langu." Baada ya hapo ni weupe mtupu. Huo ndio aliotaka uwe ukurasa wa mwisho wa kitabu cha sitini na mbili, kitabu cha mvua. Vingine vyote ndani yake alivimaliza.

18 Machi
A: 11. B: 43.
Mhariri amekuja, na mwavuli wenye ubavu uliovunjika. Ni mwanamke wa umri wa binti yangu, kama ningekuwa na binti. Vitabu tisa vya mwisho vya marehemu vimepita mikononi mwake, na kwenye mazishi alilia kuliko ndugu.
"Shikamoo mama."
"Marahaba. Utoe hivyo viatu, usije ukaniachia bwawa."
Akakaa. Akasifu kitabu. Akasema picha ya marehemu itakaa mbele, ukurasa mzima. Kisha akaanza kuzungusha kikombe.
"Mama, kuna jambo moja tu. Ule ukurasa wa mwisho."
"Unaitwaje?"
"Mama, unaujua unavyoitwa."
"Nataka uutamke."
"Nilikosea," akasema, kama mtoto aliyekamatwa na sukari mdomoni. "Mkurugenzi anasema kitabu cha kumbukumbu si mahali pa kuungama. Cha kumi na tisa kiko mashuleni kote na kinachapwa tena mwaka huu. Tukisema kina kosa, watu watauliza, na hivi vingine sitini je?"
"Waulize. Kwani yeye alikuwa anaandika ili watu wanyamaze?"
Akacheka kidogo, akajizuia. "Halafu, mama, ukurasa wenyewe haukuisha. Hauna ushahidi. Mkurugenzi anasema labda mzee alikuwa amechoka tu. Unajua Desemba hali yake ilikuwaje."
"Na mimi nisipoweka saini bila ukurasa huo?"
"Kitabu hakitoki." Hakunitishia. Alilisema kwa sauti ya chini, kama mtu anayekwambia daraja limekatika.
Nikamwonyesha daftari. Tatu na kumi na mbili. Tano na ishirini na moja. Mbili na nane. Kumi na moja na arobaini na tatu.
"Mistari minne, mama. Nipe zaidi. Kitabu kinakwenda kiwandani tarehe thelathini na moja Mei."
"Mvua haina haraka yenu," nikamwambia. "Lakini mimi nina subira yake."

19 Machi
A: 0. B: 0. Nimeshona marinda sita. Shingo inauma.

23 Machi
A: 7. B: 29.
Wifi yangu amekuja, dada wa marehemu. Huyu habishi hodi, hutangaza.
"Wifi! Nasikia unataka kumvua nguo kaka yangu mbele za watu!"
"Karibu, wifi. Nguo zake nimezifua na kuzikunja, hakuna anayemvua."
"Usinizungushe. Mhariri kaniambia. Mtu kaandika vitabu sitini na kimoja, amefundisha nchi nzima kwa nini mbingu ni ya buluu, wewe unataka cha mwisho kiseme alikosea?"
"Kakako ndiye kasema. Mwandiko ni wake."
"Mgonjwa husema mengi! Baba yetu siku za mwisho alisema ana ng'ombe mia. Tuliwatafuta?"
Nilicheka mpaka nikashika ukuta. Naye akacheka, kwa hasira. Wifi ndivyo alivyo, hasira na kicheko vinakaa chumba kimoja. Lakini alipoondoka alisimama mlangoni akasema, bila kicheko, "Sina kingine kilichobaki chake. Ni jina tu. Usilichezee."
Hilo limekaa nami. Hata hivyo, ninavyomjua mimi, jina lake alilijenga kwa kuchana kurasa.

27 Machi
A: 4. B: 15. Umeme hakuna, kazi ya mkono.

2 Aprili
A: 9. B: 37.
Leo nimesafisha rafu yake. Vitabu vimepangwa kwa namba mgongoni, siyo kwa majina. Kuanzia cha kwanza mpaka cha tano karatasi ni ya kijivu, inanuka kama gunia. Cha saba alikiandika miguu ikiwa ndani ya beseni la maji kwa ajili ya joto, na bado kina duara la maji kwenye jalada. Penseli zake alizichonga kwa kisu changu cha vitunguu, akakanusha miaka thelathini na mitatu. Nimekuta vibanzi vya penseli kwenye droo ya visu. Sikuvitupa.

5 Aprili
A: 52. B: imefurika.
Mvua ya kutwa nzima. Nilisimama dirishani nikiangalia B inavyomwaga maji pembeni kama mtu aliyejaziwa sahani asiyoiomba. Kitabu cha kumi na tisa kina sanduku dogo chini ya ukurasa linalosema, "Siku moja chupa yetu ilifurika! Mvua ya ajabu!" Niliikumbuka siku hiyo. Ilikuwa mvua ya kawaida tu. Majirani walianua nguo wakaendelea na yao. Sisi wawili tu ndio tulioshangaa, tukicheza uani kama watu walioona kimondo.

9 Aprili
A: 6. B: 24.
Leo niandike pole pole.
Mhariri alinipigia simu akaniuliza kama mswada wa kwanza wa kitabu cha kumi na tisa bado upo, maana mkurugenzi anataka kuona jinsi kosa lilivyoingia, kama ni kosa. Marehemu aliweka miswada yote kwenye bahasha za khaki, zimefungwa kamba, juu ya kabati. Nikapanda kiti. Bahasha nyingine zote zina kamba iliyogeuka rangi ya chai. Ya kumi na tisa ina kamba mpya, nyeupe. Nikashuka nayo, nikaifungua.
Ukurasa wa kipima mvua umo. Maandishi ya kwanza, kwa kalamu ya wino, yanasema: kata kichwa cha chupa, kigeuze, kikae juu kama kifuniko. Mchoro wake ni ule ule wa chupa A iliyoko uani. Ni sahihi. Tangu mwanzo alikuwa sahihi. Kisha juu yake, kwa penseli, mstari umepita, na pembeni ameandika: "Mjaribu katumia faneli. Maji yanaingia vizuri. Badilisha mchoro."
Nilikaa juu ya kile kiti palepale.
Nimekumbuka yote. Mwaka ule alikuwa ameandika vitabu vitatu na bado alikuwa anafundisha. Homa ikamlaza. Mhariri wa wakati ule, bwana mmoja mwenye haraka, alitaka ukurasa kesho yake. Mume wangu akanipa ukurasa akiwa kitandani, meno yanagongana. Nikaingia jikoni, nikafunga mlango kama kawaida, lakini siku hiyo nje ya mlango hapakuwa na mtu.
Nilikata kichwa cha chupa, nikakigeuza. Kikawa kinateleza. Kinakaa upande, kinaangukia ndani. Ukurasa haukusema kikazwe kwa kitu gani. Hapo ndipo nilipotakiwa kufungua mlango na kuuliza: kinakazwaje? Swali moja. Na kwa swali hilo ukurasa ungekufa, naye angeamka na homa yake akaandike upya.
Nilimsikia anakohoa. Nikanyanyua mkono, nikachukua faneli ya mafuta ya taa kwenye msumari wake, nikaiosha, nikaiweka. Ikakaa barabara. Nikamwagia maji kwa kopo, yakaingia yote. Nikaenda chumbani, nikamwambia, "Ukurasa umepita." Mara hiyo moja tu katika miaka thelathini na mitatu nililisema mimi badala yake.
Kumbe baadaye aliamka, akaiona chupa mezani na faneli yake, akadhani mke wake amevumbua kitu bora. Akaniamini. Akafuta mchoro wake ulio sahihi, akachora wangu.
Na hiyo kamba mpya inasema mengine. Desemba aliifungua bahasha hii. Aliona alichoandika mwenyewe kwa penseli. Alijua faneli ni ya nani. Akaifunga, akaketi, akaandika, "Nilikosea."

10 Aprili
A: 8. B: 31.

11 Aprili
A: 0. B: 0.

12 Aprili
A: 13. B: 54.

14 Aprili
A: 1. B: 4.
Nimemwita wifi, nikampa ukurasa wa penseli asome. Alisoma mara mbili, miwani ikiwa kwenye ncha ya pua.
"Kwa hiyo ni wewe," akasema.
"Ni mimi."
Nilingoja anitimue kwenye nyumba yangu mwenyewe. Badala yake akavua miwani, akaifuta kwa upande wa kanga muda mrefu kuliko ilivyohitaji.
"Alikubeba," akasema. "Huyu mtu, tangu mdogo. Nilivunja chungu cha mama, akasema ni yeye, akachapwa. Basi sikiliza, wifi. Sasa ni rahisi. Mwache aende nalo. Yeye hachapwi tena."
"Wewe wakati ule ulimwacha achapwe?"
"Nilikuwa na miaka sita!"
"Mimi nina sitini na minne."
Akaniangalia. "Una kichwa kigumu kama chupa zako."
"Zangu ni za plastiki, wifi."
"Ndiyo maana hazivunjiki," akasema, akaomba chai.

20 Aprili
A: 10. B: 41.
Zile siku tatu baada ya kufungua bahasha niliandika namba tu kwa sababu nilikuwa na aibu, na aibu haina milimita. Sasa imepita. Nikijipima vizuri, naona kazi yangu haijabadilika. Ukurasa una sehemu nyeupe, na mjaribu ni mimi.
Shida ni hii: namba za daftari zinaonyesha kwamba kosa lipo, mara nne kila siku. Hazionyeshi kwa nini mara nne. Mtoto atauliza. Faneli ni pana mara mbili tu kuliko chupa. Nimepima kwa utepe wangu wa kushonea, sentimita nane na kumi na sita. Kwa nini maji yasiwe mara mbili?
Nilifikiri nikiwa nakata kitambaa, na mkasi ukasimama wenyewe. Vitambaa vya meza! Mteja akija na meza ya duara yenye upana mara mbili ya ile ya kwanza, ukimkatia kitambaa mara mbili utalia. Kinakwenda mara nne. Hili nalijua tangu nikiwa mwanafunzi wa ufundi. Miaka yote hii lilikaa mkononi mwangu, halikupanda kichwani.
Lakini watoto hawana vitambaa vya kukata. Nikatafuta kitu cha jikoni. Nikachukua penseli yake, nikachora kwenye karatasi duara la mdomo wa chupa na duara la mdomo wa faneli. Nikapanga maharage ndani, tabaka moja, yaguse bila kupandana. Duara dogo: maharage 74. Duara kubwa: 301.
Nimehesabu mara tatu. Kisha nimeyapika.

21 Aprili
A: 3. B: 11. Nimeandika ukurasa. Nimechana.

22 Aprili
A: 0. B: 0. Nimeandika, nimechana. Nimeanza kumwelewa.

25 Aprili
A: 15. B: 61. Mara ya tano. Huu haujachanika bado.

3 Mei
A: 12. B: 48.
Mhariri amekuja, mkurugenzi kamtuma. Kabla hajakaa nikampa ukurasa wangu, nikamsogezea bakuli la maharage, nikamwonyesha jikoni.
"Nifanye nini, mama?"
"Hapo umekwisha kosa. Huruhusiwi kuuliza."
"Ah, mama! Ile kanuni!" Uso ukamng'aa. Miaka tisa alikuwa akiisikia tu. Akaingia, nikafunga mlango, nikasimama nje.
Sikujua kusimama nje kuna uzito gani. Unasikia kila kitu na huna mkono. Nilisikia penseli, nikasikia maharage yakimwagika, nikamsikia akisema "shenzi" kwa upole. Nikamsikia akirudia kuusoma ukurasa. Nilijua yuko kwenye mstari gani, ule wa "yaguse bila kupandana," na nikataka kufungua mlango nimweleze. Hivi ndivyo alivyosimama mume wangu, jaribio baada ya jaribio, vitabu sitini na kimoja, mikono nyuma. Isipokuwa siku moja aliyokuwa na homa.
Kisha nikamsikia anahesabu kwa sauti, mia mbili themanini na nane, themanini na tisa, tisini, na ghafla kelele:
"Mara nne! Mama, ni mara nne!"
"Ukurasa umepita," nikasema.
Alitoka na maharage mawili yamemnata kiwikoni. Hapo ndipo akasoma aya ya mwisho, ambayo nilikuwa nimeikunja kwa nyuma. Inasema aliyeweka faneli ni mimi, mke wake na mjaribu wake, siku aliyokuwa mgonjwa, na kwamba mchoro wake wa kwanza ulikuwa sahihi, nao umechapwa hapa.
"Mama," akasema, "jina la mjaribu halijawahi kutokea kwenye kitabu hata kimoja. Nimewahi kumwambia mzee tukuweke, akasema wewe umekataa."
"Nilikataa. Nilisema sijafanya chochote cha kuandikwa."
"Na sasa?"
"Sasa nimefanya."
Alicheka, akalia, akafunga mwavuli wake mbovu, akaufungua, akaufunga tena. Akasema ataukalisha ukurasa huu mezani kwa mkurugenzi pamoja na bakuli la maharage, na hataondoka mpaka bwana huyo apange mwenyewe.

6 Mei
A: 5. B: 20.

12 Mei
A: 2. B: 8.
Mhariri kapiga simu. Mkurugenzi alikataa kupanga maharage. Akasema ana mkutano. Mhariri akaacha bakuli mezani, akatoka. Aliporudi saa moja baadaye, mkutano ulikuwa umeahirishwa na bwana mkubwa alikuwa kwenye 260, kavua koti.
Ukurasa unaingia. Na kitabu cha kumi na tisa kitachapwa na mchoro wa kwanza. Sharti lake ni moja, kichwa kibadilishwe, kisiwe "Nilikosea." Anataka "Maharage na Mvua."
Nikamwambia mhariri, maneno ya marehemu hayaguswi. Lakini "Maharage na Mvua" ni kichwa kizuri. Nimekiweka kwenye sehemu yangu, chini ya yake. Akamuuliza mkurugenzi, akasema sawa.
Saini nimeweka.

13 Mei
A: 0. B: 0. Wifi ameniletea faneli mpya ya plastiki. "Ile ya bati," akasema, "ipumzike, imefanya ya kutosha."

28 Mei
A: 1. B: 4.
Karatasi za mwisho zimefika kabla ya kwenda kiwandani. Mbele, picha yake, ile aliyofumba jicho moja kwa jua. Nyuma kabisa, ukurasa wetu. Juu ni sauti yake, katikati ni jedwali la daftari hili, chini ni yangu, na kati ya hizo mbili hawakuweka mstari. Wifi aliusoma akiwa amesimama. Akasema, "Hapa panatosha jina lake," akaweka kidole, "na hapa panatosha lako. Sikuona pa kuvua nguo." Kisha akaniuliza kwa nini hasa mbingu ni ya buluu, kwa sababu miaka yote alikuwa akisifu bila kujua. Nilimpa kitabu cha nne. Alikataa, akataka nimweleze mimi. Nilimweleza.

6 Juni
A: 0. B: 0. Siku ya tisa bila mvua. Nadhani msimu umekwisha.
Nimezimwaga chupa zote mbili, nikazigeuza juu chini zikauke. Faneli ya bati nimeirudisha kwenye msumari wake. Halafu nikaandika barua, mara mbili nikachana, ya tatu ni hii:
"Wapendwa darasa la sita, ambao sasa nadhani mko la saba. Bwana Kwanini alifariki mwezi wa Januari. Hakuwajibu kwa sababu alikuwa anangoja mvua. Nimeingoja kwa niaba yake. Redio ilikuwa sahihi. Ninyi mlikuwa sahihi kutokuwa na hakika. Kilichokosea ni faneli, na aliyeiweka ni mimi. Mwambieni mwalimu wenu, kwa heshima, kwamba kitabu kinaweza kukosea, na kwamba aliyekiandika alikuwa wa kwanza kusema hivyo. Naambatanisha ukurasa na maharage sabini na manne. Hayo mia tatu na moja ya duara kubwa tafuteni wenyewe. Mjaribu."
Kabla ya kufunga bahasha nilikwenda nayo mpaka jikoni. Hamkuwa na mtu. Nikaiweka mezani, nikatoka, nikafunga mlango, nikasimama nje na mikono nyuma, muda ambao mtu wa darasa la saba angeusoma ukurasa mmoja taratibu.
Hakuna aliyeuliza swali.
"Ukurasa umepita," nikasema, nikaingia kuosha vyombo.